Hajulikani Kwenye Anwani Hii

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilitumika kufutia vioo kabla hujanisoma, usijilaumu, hukukosa habari njema. Mimi sina habari njema. Mimi nina foleni.

Niliishia nikiwa mbele ya dirisha la tatu la ofisi ya uhamiaji, nimeshika kaunta kwa mikono yote miwili, na karani amenitangazia kwamba pale ninapokaa, sikai.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mfanyakazi wa dobi la hoteli katika nchi ya watu. Napiga pasi mashuka ya wageni wanaolala vizuri. Kibali cha kazi ninacho, na kodi nakatwa kila mwezi bila serikali kuuliza kama najulikana au sijulikani. Nyumbani nimemwacha binti yangu kwa dada yangu.

Sheria ya hapa inasema mgeni mwenye kazi anaweza kumleta mtoto wake, mradi mtoto awe hajatimiza miaka kumi na miwili, na mradi mgeni awe na hati ya makazi, yaani karatasi ya serikali inayosema kwamba ana mahali anapokaa. Binti yangu anatimiza kumi na miwili mwisho wa mwezi huu. Akishatimiza, mlango umefungwa, na mimi nitaendelea kumlea kwa simu mpaka aolewe.

Karatasi moja tu. Nikajiambia, nani ameshawahi kushindwa kuthibitisha kwamba analala mahali?

Basi tuendelee na huyo karani. Nimempa jina la Bwana Miwani, kwa sababu miwani yake haijawahi kushuka kutoka kwenye paji la uso tangu nimfahamu. Nadhani anaitunza isichakae.

"Mkaguzi wetu alikwenda kwenye anwani uliyoandika," alisema, huku faili amelishika mbali na macho. "Alibisha hodi, akafunguliwa, akauliza. Hujulikani."

"Bwana, naishi pale tangu nilipoingia nchi hii. Kitanda changu kipo pale. Nguo zangu zipo pale."

"Mkaguzi hakuona nguo zako."

"Sufuria yangu ipo jikoni!"

"Inawezekana sufuria inakaa pale," alisema kwa upole mkubwa. "Wewe hukai."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema niombe ukaguzi wa pili. Nikasema naomba.

"Ukaguzi wa pili unaombwa na mkaazi wa anwani."

"Mkaazi ndiye mimi."

"Una hati ya makazi?"

Nilimtazama nikisubiri acheke, ili na mimi nicheke, tumalize, kila mtu arudi kwao. Hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu.

Nakiri mbele yenu kwamba nililia. Sikulia kwa ujanja, ingawa baada ya kuona matokeo nimejuta kwa nini sikulia tangu mwezi uliopita. Nililia kwa sauti, mpaka foleni ya nyuma ikaanza kunong'ona na mlinzi akasogea. Bwana Miwani anaweza kuvumilia kila kitu isipokuwa kelele. Akagonga muhuri wa ukaguzi wa pili haraka haraka, kama mtu anayemfunga mtoto mdomo kwa pipi.

"Atakuja siku gani?" nikauliza, nikifuta kamasi.

"Mkaguzi hasemi siku. Akisema, mtajiandaa."

"Kujiandaa kuishi?"

"Anayefuata!"

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja tu kichwani. Sisi tunakaa juu ya duka la rangi za nyumba. Ngazi zinanuka rangi, ukumbi unanuka rangi, na bafu ni moja. Ghorofa nzima ameipanga mama mmoja wa makamo kutoka kwetu, naye anatupangisha vyumba. Tunamwita Mama Mkubwa. Si mama mkubwa wa mtu yeyote mle ndani, lakini ukimwita mwenye nyumba anakuuliza mmegombana lini.

Niliwakuta jikoni wote. Mama Mkubwa, mwenzangu wa chumba, ambaye tunamwita Mpishi kwa kuwa anapika hospitalini na akirudi hagusi hata kijiko, na Kinyozi, ambaye kibali chake cha kuishi nchini kilikwisha zamani. Hilo analijua yeye, analijua Mama Mkubwa, analijua Mpishi, nalijua mimi, na sasa unalijua wewe, msomaji. Tafadhali lisitoke hapo.

"Nani alimfungulia mlango mtu wa uhamiaji?" niliuliza, hata viatu sijavua.

Mama Mkubwa akatabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja kwa muda mrefu kushukuriwa.

"Mimi, mwanangu. Kaa kwanza, upumue."

"Ulimwambia nini?"

"Nimwambie nini tena? Mtu na faili lake kwapani, kalamu kaichomeka sikioni, anakutaja jina lako lote mpaka la babu! Nikamwambia huyo hajawahi kukanyaga hapa."

"Mama Mkubwa!"

"Akaniuliza kama nimewahi hata kukusikia. Nikamwambia jina lenyewe ndiyo kwanza nalisikia kwako."

"Mimi nilikuwa nimejibanza bafuni," alisema Kinyozi, "lakini nilikohoa ili ajue bafu lina mtu, asije akaenda kuhesabu miswaki."

"Mswaki wake hata usingeonekana," Mpishi akadakia. "Mara tu niliposikia hodi niliuzamisha kwenye debe la mchele. Nguo zako nazo, zote, nikazisukumia chini ya kitanda changu. Shuka lako nikaling'oa. Godoro likabaki tupu, ungedhani halijalaliwa na mtu tangu litoke kiwandani."

Kumbe ndiyo maana nilipiga mswaki wenye punje za mchele.

"Hakuona hata unywele wako," alisema Mama Mkubwa. "Tulikufuta kabisa."

Wakanitazama wote watatu, wakisubiri asante.

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa kawaida atadhani ninaishi na maadui. Nyumba yetu ina kanuni moja. Bili ya umeme tunagombania, zamu ya kusafisha ngazi tunakwepa, lakini kanuni hiyo haijawahi kuvunjwa: akija mtu mwenye faili akamtaja mtu, mtu huyo hayupo, hakuwahi kuwepo, na kwao hatukujui. Hakuna anayeuliza sababu. Mimi mwenyewe nimeshamkana Kinyozi mbele ya kijana aliyekuja kusoma mita ya maji. Nilimkana kwa moyo mmoja, na jioni Kinyozi alinishukuru.

Kwa hiyo walinifanyia yale yale ambayo ningewafanyia. Kosa letu ni moja tu, kwamba safari hii mwenye faili alikuja kwa heri. Hakuna aliyewaambia kwa sababu na mimi sikuambiwa, na nyumba yetu haikuwa na utaratibu wa mtu wa heri.

Lakini siku ile sikuwa na busara ya kuyasema haya. Niliwasha moto.

"Mmenipotezea mwanangu!" nilipiga kelele. "Kwa midomo yenu! Mtoto anakaribia kufungiwa mlango, na nyie mnanizika kwenye debe la mchele!"

Mpishi akaangalia miguu yake. Mama Mkubwa akavuta kigoda, akakaa, akavua kitambaa cha kichwa na kukikunja mapajani.

"Alikuja mtu mpole sana," alisema. "Zamani hizo. Ana faili. Akaniuliza kama mdogo wangu yupo. Nikasema yupo, amelala, ngoja nikuitie. Nikaenda kumwamsha mimi mwenyewe, mwanangu. Nikampa na shati, nikamwambia vaa haraka, mgeni anakusubiri. Hakumaliza kufunga vifungo."

Mpishi akamwekea mkono begani.

"Mpaka leo sijui walimpeleka wapi. Tangu siku hiyo sijamwitia mtu mtu."

Nilikaa chini. Nilimwonea huruma na bado nilikuwa na hasira naye, na sikujua nianze na ipi. Kinyozi akawasha jiko, akabandika maji ya chai, maana mwanaume akikosa la kusema hubandika maji.

Chai haijachemka, simu ikaita. Binti yangu.

"Mama, umeipata?"

"Bado kidogo."

"Kidogo kile cha wiki iliyopita au kidogo kingine?"

"Kingine."

"Kwani hawaamini kama unakaa huko? Si waje waangalie?"

"Walikuja, mama. Nilikuwa kazini."

Nikasikia watoto wa dada yangu wakigombania kitu nyuma yake. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayenipa siri ya vita.

"Nimefikiria. Mwaka huu keki tusikate. Mama mdogo nimeshamwambia, na wimbo wasiimbe. Tusipofanya kitu chochote, si nitakuwa bado kumi na moja?"

Nilimwambia ni wazo zuri sana. Nikamwambia nampenda, nikakata simu, nikaenda kulia bafuni mpaka Mpishi akabisha kwamba anataka kuoga.

Kesho yake mazoezi yakaanza. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeyaamuru.

"Tumekufuta sisi, tutakuandika sisi," alisema.

Kinyozi alikuwa mkaguzi. Alichomeka kitana sikioni, akachukua sinia kwapani badala ya faili, akatoka nje, akabisha. Mama Mkubwa akafungua.

"Habari za hapa. Namtafuta mama fulani, mfanyakazi wa dobi."

"Hayupo!" alijibu Mama Mkubwa. "Alihama!"

"Mama Mkubwa, huyu tunamjua."

"Najua kwamba tunamjua! Ulimi ndio haujapata habari. Toka, anza tena."

Akatoka, akaanza tena. Mara ya pili Mama Mkubwa alisema hayupo, lakini kwa sauti ya chini. Mara ya tatu alifumba macho, akameza mate, akasema, "Yupo," halafu akajishika mdomo na kutazama ngazi, kama kuna mtu anayekuja kunichukua. Tulipiga makofi. Hakucheka.

Tatizo la pili lilikuwa lugha. Lugha ya hapa Mama Mkubwa anaijua kwa maeneo. Anajua bei za vitu, anajua salamu, na anajua kukana kwa ufasaha ambao hata wenyeji hawaufikii. Hayupo, sijui, alihama, sijawahi kumwona. Neno "ndiyo" hakuwahi kulihitaji. Tulimfundisha ndiyo kwa siku kadhaa, akawa anatembea nayo ukumbini, anaisema peke yake akipangusa vumbi.

"Maswali marefu nitamtafsiria mimi," alisema Kinyozi.

"Wewe?" nikashangaa. "Wewe ndiye wa kujificha!"

"Nitasema sikai hapa. Mimi ni kinyozi, nimepita kumnyoa mteja nyumbani."

"Mteja gani? Nyumba ina wanawake watupu."

Kinyozi akamtazama Mama Mkubwa.

"Ninyoe uone!" alisema Mama Mkubwa.

Mimi nikaenda kuomba ruhusa kazini, ili nisubiri nyumbani. Msimamizi wa dobi alikuwa anahesabu foronya, hakuinua kichwa.

"Unataka ukae nyumbani umngoje mtu ambaye hajasema siku anayokuja?"

"Ndiyo, bosi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje."

"Ruhusa kama hiyo hata mimi naitaka," alisema. "Ukiipata, niambie uliiombea wapi."

Kwa hiyo mkaguzi alipokuja, mimi nilikuwa nalisha mashuka kwenye mashine ya kunyoosha, naungua vidole, na roho yangu iko juu ya duka la rangi.

Niliporudi, nilianza kusikia vigelegele nikiwa bado ngazi ya chini.

"Amekuja!" alipiga kelele Mpishi, ambaye hakuwepo lakini alishasimuliwa mara nyingi. "Amekuja na ameondoka!"

"Nilisema yupo," alisema Mama Mkubwa. Uso wote ulikuwa unang'aa. "Nikasema ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Hata pale asipouliza kitu."

"Alimkumbatia mkaguzi," alisema Kinyozi. "Alimwambia wewe ni msafi, unaimba ukipika, na unakoroma. Mkaguzi akaandika mpaka kukoroma."

"Na wewe?"

"Mimi nimejikana mwenyewe. Nimemwambia nyumba hii siijui, hata bafu nimeuliza liko wapi. Kwenye karatasi wakaazi ni wewe na Mama Mkubwa tu. Mpishi naye hatukumtaja, kanuni ni kanuni."

"Kuna mengine aliuliza ya kiserikali," alisema Mama Mkubwa, akinisukuma kuelekea mezani, "tukayamaliza huko huko. Kula, chakula kinapoa."

Nilikula. Msomaji mwerevu angeuliza ni yapi hayo ya kiserikali. Mimi nilikuwa na njaa, na nilikuwa na furaha, na furaha ilikuwa imenipitia mbali kwa muda mrefu, kwa hiyo sikutaka kuichokoza.

Nilipoitwa kuchukua hati, Mama Mkubwa alisema lazima anisindikize. Alivaa gauni lake la sherehe, nikampigia pasi kitambaa cha kichwa kwa ufundi wa hoteli. Njia nzima alikuwa anawasalimia watu asiowajua.

Bwana Miwani alinisukumia karatasi chini ya kioo.

"Hongera," alisema. "Unakaa."

Nilisoma jina langu. Nikasoma anwani, ile ile ambayo mwezi mzima ilikuwa hainifahamu. Kulikuwa na muhuri wa duara na saini ya mtu mkubwa. Sikusoma chini zaidi. Nani anasoma chini, wakati jina lake liko juu? Nikaibusu hati, Bwana Miwani akageuza uso, na mimi nikapanda ngazi mbio kwenda ofisi ya familia, kule wanakopokea maombi ya watoto. Mama Mkubwa akabaki kwenye benchi la ukumbini, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Karani wa ofisi ya familia alikuwa dada mmoja mpole, mwenye kucha safi, anayezungumza taratibu mno hata ukamwogopa. Alinikaribisha kiti. Kiti! Katika jengo lile sikuwahi kuona kiti kinachotolewa kwa mtu. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Nikampa hati ya makazi. Nikampa cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, na picha zake ndogo. Akasoma. Akarudia kusoma. Akapanga karatasi zote kwenye mstari mmoja mezani.

"Mama, huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Wako wa kumzaa?"

"Wa kumzaa, dada. Kwa uchungu, na mshono ninao."

Akanigeuzia hati, akaweka ukucha chini kabisa, pale ambapo sikusoma. Palikuwa na neno Watoto, na mbele yake limeandikwa: Hakuna.

"Ni kosa la chapa," nikasema.

Akafungua faili, akatoa maelezo ya mkaguzi, akayasoma kwa ile sauti yake ya taratibu. "Mwenye nyumba aliulizwa kama mwombaji ana watoto. Alijibu kwamba mwombaji hajawahi kuzaa na hana mpango huo. Mkaguzi aliona ukutani picha ya mtoto wa kike. Mwenye nyumba alieleza kwamba picha ilikuja na fremu kutoka dukani."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Binti yangu na pengo lake la mbele, amekuja na fremu.

"Dada, cheti cha kuzaliwa hicho hapo mbele yako."

"Cheti kimetoka kwenu," alisema. "Hati imetoka kwetu. Nikuambie ukweli, mama, uko pabaya. Kama hati ni sahihi, mtoto si wako, na mtu anayetaka kumvusha mpaka mtoto asiye wake, mimi namkabidhi kwa askari. Kama mtoto ni wako, hati si sahihi. Naifuta, na wewe unarudi kuwa hujulikani, mpaka ukaguzi mwingine."

"Mwisho wa mwezi huu anatimiza kumi na miwili."

"Nimeona tarehe." Nadhani alinionea huruma. Kwenye ofisi ile huruma nayo haikosi utaratibu. "Njia ipo moja. Mwenye nyumba wako aje mwenyewe, akanushe maelezo yake mbele yangu kwa mdomo wake, kabla sijafunga faili."

"Yupo nje!" nikaruka. "Yupo hapo kwenye benchi!"

Nilitoka mbio. Mama Mkubwa aliponiona na machozi, alisimama na kutafuta mlango wa kutokea kwa macho.

"Mama Mkubwa, kwa nini ulisema sina mtoto?"

"Polepole, wanasikia! Nimekulinda, mwanangu. Mtu wa serikali anauliza habari za mtoto za nini? Za kumchukua!"

"Hawamchukui. Wananiletea. Lakini ni mpaka uingie humo ndani useme ulidanganya."

Alinitazama kama nimemwomba aruke kutoka ghorofani. Akautazama mlango. Kwa uwazi ulioachwa, dada wa kucha safi alionekana mezani, kalamu mkononi, na mbele yake faili.

"Ni mpole?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Mpole sana."

"Na yule alikuwa mpole sana."

Nilimshika mkono tu. Nakiri kwamba nilimvuta kidogo, kama unavyomvuta mtoto kwa daktari. Naye akaja.

Aliingia, akakataa kiti, akasimama na mkoba wake kifuani. Karani akamwonyesha picha ya binti yangu, akauliza kwa ufupi, kwa maneno mepesi. Mtoto? Wake?

Midomo ya Mama Mkubwa ilicheza. Niliona lile neno lake la siku zote likipanda kooni. Akalimeza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Ndiyo," alisema kwa lugha ya pale. "Mtoto wake. Ndiyo. Mimi, uongo. Yeye, mama."

Kama kungekuwa na uwezekano wa kumbeba mtu wa umri wake begani, ningembeba nishuke naye ngazi zote. Nilimbusu mkono. Akacheka kwa sauti, pumzi zimemwishia, anajishangaa mwenyewe. Hata karani alitabasamu. Akakata lile neno Hakuna kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: mmoja. Akavuta kidau cha wino, akaushika muhuri.

Kisha akauweka chini.

"Jambo moja," aliniambia. "Kwa kuwa maelezo yake ya kwanza hayakuwa ya kweli, siwezi kuyachukua mengine kama yalivyo. Lazima niyajaze upya yote, mbele yake." Akafungua ukurasa mweupe. "Hapa imeandikwa wakaazi wa nyumba hiyo ni nyinyi wawili tu. Naomba anitajie kila anayelala pale, kwa jina. Mtafsirie wewe, swali refu hili hatalielewa. Na mkumbushe kwamba akidanganya mara ya pili, ombi la mtoto linafutwa na halitapokelewa tena."

Saa hiyo Kinyozi alikuwa dukani kwake, amemfunga mtu kitambaa shingoni, anapiga soga, hana habari.

Karani alikuwa ananitazama mimi, kalamu imegusa karatasi.

Mama Mkubwa naye akanigeukia. Bado alikuwa anacheka, jasho halijamkauka, na macho yake yalikuwa na fahari ambayo sijawahi kuiona.

"Anasemaje, mwanangu?" aliuliza. "Nimwambie ndiyo?"